Kisu Chenye Uzi Mwekundu

Duka langu liko hatua chache kutoka Soko Kuu la Morogoro, upande wa wauza ndoo, na kwa miaka ishirini na miwili nimeuza vyombo vya jikoni. Visu ninavyo vya aina mbili. Vya kwanza viko kwenye kabati la kioo nyuma ya kiti changu: vya Kijerumani, vizito, vyenye ribiti tatu kwenye mpini, na nikitaja bei yake mteja hurudi nyuma hatua moja. Vya pili viko kwenye boksi chini ya kaunta, vya elfu mbili na mia tano, mpini wa mbao, vinakuja sitini sitini. Wateja nawajua. Mwenye nacho anatazama juu, asiye nacho anainama. Maimuna ndiye mtu pekee niliyemwona akitazama juu vizuri, kwa makini, halafu akainama kwa hiari yake.

Acha leo nimseme vizuri, maana nimemsema vibaya sana maishani. Mimi ni Josephina, Mnyamwezi wa Tabora, na yeye ni Mluguru wa Mlali. Sisi ni watani, na mtani ana ruhusa ya kukusimanga mbele ya wakwe zako. Yeye huniita mpagazi, na hunikumbusha kwamba babu zangu walipita hapa wamebeba mizigo ya watu. Mimi humwambia kwamba kila Mluguru ana mguu mmoja mfupi, kwa kuzoea kusimama mlimani. Tumeishi hivyo bila ugomvi hata siku moja, isipokuwa ile ya kwanza.

Siku ile ya kwanza duka lilikuwa halijafikisha mwezi. Aliingia, akasalimia, akaomba nimtolee boksi la visu. Nikamtolea. Akavuta ndoo, akaipindua, akaketi juu yake, akaanza kukagua kimoja kimoja. Alikishika kisu kwa vidole viwili karibu na mpini, akakigonga bapa kwa ukucha na kusogeza sikio. Kisha akaikandamiza ncha kwenye ubao wa kaunta, kisu kikapinda kidogo, akaachia kuona kama kitarudi kunyooka. Akafumba jicho moja na kutazama makali kutoka mpinini hadi nchani. Mwisho alichungulia mpini aone chuma kimeingia ndani kiasi gani. Alifanya hivyo mara sitini. Wateja wawili walikuja, wakasubiri, wakaondoka. Alipomaliza alikuwa amechagua kisu kimoja.

"Na hivi vingine vina ubaya gani?" nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa ya biashara.

"Havina ubaya. Wamezaliwa tumbo moja, ila huyu ndiye aliyeshiba," akasema. Akalipa, akatoa uzi mwekundu kwenye pindo la khanga, akauzungusha shingoni mwa mpini mara saba, akakaza fundo kwa meno na kuondoka.

Nilimsema kwa Kinyamwezi mpaka jioni. Nilidhani ni bahili mwenye madoido. Sikujua kwamba wakati ule alikuwa mmenya viazi kwa mama lishe mmoja karibu na stendi, kwamba mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, kwamba nyumbani alikuwa na mwanawe Dadi na mtoto wa marehemu dada yake, Shadia, wa miaka mitatu. Kisu kile kilikuwa ndicho kazi yake. Angekosea kukichagua asingekuwa na cha kununulia kingine.

Kuhusu Shadia niseme neno, maana ndiye kiini cha habari hii. Kwa Waluguru mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo, wa mama yake. Kwa hiyo dada alipokufa, Maimuna hakupokea yatima. Aliendelea kulea mwanawe, basi. Niliwahi kumuuliza kwa utani kama hakuona mzigo umezidi, akaniangalia kwa muda mrefu, na tangu siku hiyo hilo nililitoa kwenye orodha ya mambo ya utani.

Kutoka kwenye viazi alipanda. Huku kwetu mwanamke haendi shughulini mikono mitupu. Anayekwenda kusaidia kumenya na kukatakata hubeba kisu chake, na kila kisu kina alama: huyu amefunga kitambaa cha kijani, yule amechoma nukta tatu mpinini kwa msumari wa moto. Vikifika vyote huingia kwenye beseni moja, na mtu huchukua chochote kilicho karibu. Kisu kilichoingia shughulini ni cha shughuli mpaka jioni, kila mwenyewe atakapokidai kwa alama yake. Ila chenye uzi mwekundu hakikuingia beseni hata siku moja. Maimuna alikiweka kiunoni, chini ya khanga, na hakuna aliyenuna, kwa sababu kila mtu alikuwa ameona kinavyofanya kazi. Kitunguu alichokikata yeye hakikumliza mtu. Nyama aliyoikata iliiva kwa pamoja, si kipande kigumu na kingine kimevurugika. Miaka mitano baadaye alikuwa mpishi mkuu wa shughuli kuanzia Mwembesongo mpaka Kihonda, na watu walipanga tarehe ya harusi kwa kumuuliza yeye kabla ya kumuuliza shehe.

Siri yake hakuificha. Ilikuwa jiwe. Alikuwa na kinoo cha kijivu alichopewa na mama yake, kilichookotwa mtoni Mlali, na kabla ya kila shughuli alikilowesha majini, akalaza kisu juu yake kwa mwinuko wa sarafu mbili zilizopandana, akanoa polepole upande huu na ule. Wakati huo mimi nilikuwa napokea wateja wa kabatini waliorudi na visu vya Kijerumani wakilalamika vimekuwa butu. Walikuwa wamenunua kisu, hawakununua kinoo. Nilipomsimulia, Maimuna alicheka mpaka akashika kaunta.

"Wewe mpagazi, unauza farasi bila majani," akasema.

Basi mwaka jana Shadia akapata mchumba, kijana mpole kutoka Dar es Salaam. Mahari ikatolewa, tarehe ikapangwa, na upande wa bwana harusi wakaleta zawadi ambayo hakuna aliyeiomba. Baba mkubwa wa kijana, mtu mwenye uwezo, alisema atamleta mpishi wake kutoka Dar, Shefu Hafidhi, anayepika kwenye kumbi kubwa, ili mama wa bi harusi apumzike. Mjomba wa Shadia, ambaye kwa Waluguru ndiye mwenye kauli, akakubali. Angekataaje? Heshima imeletwa mlangoni.

Maimuna alikuja dukani siku hiyohiyo, akakaa kwenye ndoo, na kwa mara ya kwanza hakunitania.

"Nimewapikia watoto wa watu wote mji huu," akasema. "Wangu ndiye nitakayemwangalia nikiwa nimekaa kwenye kiti."

Iliniuma. Nikafungua kabati la kioo na kumwekea kaunta kisu kikubwa kuliko vyote. Nikamwambia achukue, atalipa akipenda au asilipe. Watu wa Dar wakimwona na kisu cha maana watajua naye ni mpishi, hawatamweka kando.

Alikichukua. Akakigonga kwa ukucha, akasikiliza. Akatazama makali kwa jicho moja. Akakibeba kidogo kiganjani, na nilimwona usoni kwamba amekipenda, maana chuma kizuri kinajulikana. Kisha akakirudisha kwenye kitambaa chake.

"Kizuri, mtani. Sikidharau. Lakini nikikinunua leo kwa ajili ya macho yao, nitakuwa nimekiri kwamba miaka yote hii nilikuwa nawapikia watu kwa aibu."

Nikafunga kabati. Nilijivunia kuwa mtani wake, lakini sikumwambia. Sisi huwa hatuambiani.

Jumamosi ya harusi kulipambazuka kweupe, ukungu umekaa mlimani tu, mjini jua. Lori la Dadi lilikuwa limeshusha karoti na kabichi kutoka Mgeta. Wanawake thelathini na kitu walikuwa uani Mwembesongo tangu asubuhi, beseni katikati limejaa visu. Maimuna alikuwa barazani kwenye kiti cha kukodi chenye utepe mweupe, gauni jipya na khanga juu yake, hina mikononi, amekaa wima kama anapigwa picha ya pasipoti. Kiunoni nilijua kuna nini.

Hafidhi akaingia. Kijana wa miaka thelathini na kitu, mtu wa Kilwa kwa asili, koti jeupe, kofia, na begi jeusi. Alipita mbele ya kiti cha Maimuna bila kusimama. Hakufanya kwa kiburi, nadhani. Alidhani ni bibi mmoja miongoni mwa mabibi. Akaweka begi mezani, akalifungua kuonyesha visu saba vya Kijerumani vilivyolala kwenye mifuko yake, kisha akaitwa na baba mkubwa nje ya lango kunywa chai.

Hapa sasa nijieleze, maana kosa lilikuwa langu peke yangu. Mtani shughulini huruhusiwa kuficha kiatu cha bwana harusi, kukalia mlango, kuteka sufuria mpaka akombolewe na chochote. Mimi nikaona hasira yangu ina njia halali. Nikavitoa visu vyote saba begini, nikavitumbukiza kwenye beseni pamoja na vya wanawake, nikatangaza kwamba kisu kilichoingia shughulini ni cha shughuli. Uani kukawa na kicheko. Nia yangu ilikuwa Hafidhi arudi, ashangae, atoe shilingi mia ya kumkomboa mwenzake wa Kijerumani, tucheke, na ajue yuko Morogoro. Kisha nikaingia ndani kumtazama bi harusi akipambwa, na nikasahau.

Nilisahau pia kwamba mwanamke mwenye kazi hatazami kisu kimetoka wapi. Nilipotoka, kimoja kilikuwa kimepasulia nazi. Kingine kilikuwa kimetoboa madumu ya mafuta. Cha tatu kilikuwa kinachanja kuni. Kile kikubwa kilikuwa mikononi mwa shangazi mmoja aliyekuwa akikata mbavu za mbuzi juu ya sakafu ya saruji, kwa nguvu zote, na anakisifia. Na chembamba kuliko vyote kilikuwa hakina ncha tena.

Hafidhi aliporudi alisimama mbele ya beseni. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Akavikusanya uani kimoja kimoja, akapitisha kidole, akaviweka mezani, akavua kofia.

"Mimi siwezi kupika na hivi," akasema. "Na vingine sina. Vyangu hunolewa na fundi mmoja, yuko Dar. Samahanini sana."

Akaketi. Mbuzi wanne walikuwa wametundikwa, mchele haujaoshwa, watu mia nne wanakuja baada ya adhuhuri, na mpishi mkuu ameketi amekunja mikono. Nikasogea kusema ni mimi, ni utani. Akaniuliza kwa upole, "Utani na nani, mama?" Nilikuwa mtani wa nyumba ile, sikuwa mtani wake. Nilijisikia mdogo kuliko punje ya mtama. Nilikuwa nimeivunja harusi ya Shadia, mtoto niliyemwona akikua nyuma ya kaunta yangu.

Maimuna akainuka kwenye kiti. Hakuniangalia. Akamwambia Dadi alete kinoo na ndoo ya maji. Akavuta mbuzi ya kukunia nazi, akaketi juu yake na gauni lake jipya, akaomba visu vya Hafidhi. Akakianza kile kikubwa. Alikilaza juu ya jiwe kwa mwinuko wake wa sarafu mbili, na uani kote ikasikika sauti ile ya chuma na maji. Alikitazama kwa jicho moja, akarudia, akakipitisha juu ya karatasi ya unga. Karatasi ikaachana yenyewe.

"Chuma chako ni kizuri, mwanangu," akamwambia. "Wanawake hawa nimewachagulia visu mimi, vya elfu mbili mia tano, wakavizoea. Hawakujua hiki hakitaki saruji. Utusamehe. Hiki kitakaa sawa, na hivi vitano vingine pia, nipe muda tu. Kile kilichokatika ncha, sina dawa yake. Ila mbuzi hawawezi kukusubiri."

Kisha akaingiza mkono chini ya khanga, akatoa kile chenye uzi mwekundu. Miaka zaidi ya ishirini ya jiwe ilikuwa imekila mpaka kimebaki upana wa kidole. Huku kisu hakipokelewi mkononi, huleta ugomvi, kwa hiyo alikiweka ubaoni mbele ya Hafidhi. Wanawake wakatazamana. Kisu kile alikuwa hajawahi kumwazima mtu, hata mimi.

"Anza na vitunguu," akasema.

Hafidhi akakitazama. Sidhani kama alikuwa ameshika kisu cha aina ile tangu atoke kwa mama yake. Akakiokota, akaweka kitunguu, akakata. Akakata kingine. Akasimama kidogo, akageuza kisu kwenye mwanga, akatazama makali yake kutoka mpinini hadi nchani, kwa jicho moja, vilevile kama Maimuna. Mafundi ni watu wa kabila moja.

Akakirudisha ubaoni taratibu, mpini ukimwelekea Maimuna.

"Shikamoo, mama," akasema. "Niliingia sikukuamkia."

"Marahaba."

"Nani hupika hapa siku zote?"

Wanawake thelathini walikuwa wamegeuka wanamtazama Maimuna, na kila mmoja wao amesimama tayari anasubiri aambiwe. Hafidhi akaelewa. Akachukua kofia yake nyeupe, akaikunja, akaiweka begini.

"Basi nielekeze nikae wapi," akasema.

Nisiseme mengi kuhusu pilau. Aliyekuwepo anajua. Maimuna alisimama kwenye moshi na gauni la sherehe, hina mikononi, akitoa amri kwa sauti ya chini, na Hafidhi akikata nyama upande wake wa kulia kwa kisu kikubwa cha Kijerumani kilichonolewa kwa jiwe la Mlali. Katikati ya sufuria na sufuria Maimuna alinoa vile vingine. Mimi nilipewa adhabu ya kuosha masufuria yote, na niliyaosha nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuipata kazini. Baba mkubwa alipotuma mtu kuja kumpongeza mpishi wake, Hafidhi alisimama mwenyewe, akaenda mpaka kwenye jamvi la wazee, akasema mbele ya watu kwamba mpishi ni mama wa bi harusi, yeye amefundishwa leo. Nililia. Nilisingizia vitunguu, na vitunguu vilikuwa vimekwisha zamani.

Jioni, magari yanawashwa, kila mwanamke akadai kisu chake kwa alama yake. Maimuna alikiosha kile cha uzi mwekundu, akakikausha kwa pindo la khanga, akaenda ndani. Shadia alikuwa amekaa kitandani, sanduku limefungwa. Maimuna akakiweka juu ya sanduku.

"Hiki ndicho kilichokulisha," akasema.

Shadia alikiangalia, akaanza kufungua sanduku akiweke ndani. Kufuli likawa gumu. Maimuna akamfungulia yeye.

Jumatatu Hafidhi alipitia dukani kabla ya kurudi Dar. Nikatoa kisu cha kabatini, kile kikubwa kuliko vyote, nikamwekea kaunta badala ya kilichokatika ncha. Alikataa, nikamwambia huo si utani. Akakichukua. Kisha akaniomba boksi la chini.

"Usichague peke yako," nikamwambia. "Msubiri mwenyewe."

Maimuna alifika saa nne, akavuta ndoo, akaketi. Nilikuwa nimeshafungua boksi zima kabla hajaomba. Aligonga, akasikiliza, akakunja, akatazama, kisu baada ya kisu, na Hafidhi amechuchumaa pembeni anavipokea kutoka kaunta na kujaribu kusikia anachosikia yeye. Wateja walikuja. Niliwaambia wasubiri, na safari hii wakasubiri wakitazama.

Alimchagulia viwili. Alipofika chini kabisa ya boksi alikigonga kimoja, akakisikiliza mara ya pili, akakiweka kando kwa ajili yake mwenyewe.

Mahali pa kisu kikubwa pale kabatini palikuwa wazi, na kilichokuwa pembeni yake kilikuwa kinang'aa. Nikamwambia achukue hicho bure, sasa hakuna macho ya mtu wa Dar ya kuonyeshwa. Akakitazama kwa heshima, kama alivyofanya siku zote.

"Hicho muuzie asiye na jiwe. Mwenye jiwe kinamtosha hiki," akasema, akahesabu elfu mbili na mia tano yake juu ya kaunta, akatoa uzi mwekundu kwenye pindo la khanga.